Mpishi wa Handeni

Kibwana alivua viatu vyake mlangoni pangu, na harufu iliyotoka humo niliijua kabla sijautambua uso wake. Mtu huzeeka nywele, huzeeka magoti, hata sauti huzeeka, lakini miguu ya Kibwana ilikuwa ile ile ya siku zetu za Manundu. Alisimama pale na soksi zilizotoboka kwenye dole gumba, amekumbatia bahasha kubwa ya mraba kifuani, akasema, "Mwantumu, hujanisahau?" Amenizidi miaka sita au saba, na kwa desturi zetu ningepaswa kumwamkia shikamoo. Ilinifika mpaka kwenye ulimi, ikakataa kutoka. Nikamwambia, "Karibu ndani, Kibwana," nikamwonyesha mkeka, kisha viatu vyake nikavisukuma kwa fimbo ya kufukuzia kuku mpaka nyuma ya banda, upepo usije ukairudisha harufu yake ndani.

Ndani ya bahasha mlikuwa na santuri, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu ujana wangu. Kampuni moja ya ng'ambo imezifukua nyimbo za bendi yao ya zamani, Vumbi Jekundu, ikachagua kumi na mbili zilizovuma kuliko zote na kuziweka pamoja, na asiye na gramafoni anazipata kwenye simu. Juu ya jalada wamesimama vijana watano mbele ya shamba la mkonge, nywele zimefura kama vikapu, suruali za bugaluu zinafagia chini, miguuni raizoni, viatu vya soli nene. Juu yao imeandikwa Nyimbo Zilizotamba. Kibwana aliigeuza, akaweka ukucha wake mrefu wa manjano kwenye mstari wa kwanza. "Wa kwanza ni wako," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuletea zawadi ya Idi. Sikuhitaji miwani. Wimbo wa kwanza ulikuwa Mpishi wa Handeni.

Akaeleza shida yake. Santuri itazinduliwa Korogwe mwezi ujao, na wageni kutoka nje watakuwepo. Rajabu, mpiga gitaa la solo, amezikwa Bungu kabla ya Ramadhani. Wale wengine watatu walitangulia zamani. Aliyebaki kwenye picha ile ni yeye tu, mwimbaji na mtunzi, na wageni wanaona mzee mmoja hatoshi. "Mimi nikawaambia, mpishi mwenyewe yuko hai, yuko Sindeni analima. Walifurahi hao! Wazungu wanapenda sana ile habari ya dawa, dada yangu. Utavaa kanga zako safi, utashika chungu, upigwe picha ya kuweka kwenye kijitabu. Maneno mawili matatu tu ya kuwachekesha watu." Akacheka peke yake. Niliinuka nikaenda jikoni, maana ilikuwa saa ya chakula cha mchana na mgeni ni mgeni.

Mwaka wa wimbo ule nilikuwa na miaka kumi na minane, mpishi katika nyumba ya wageni ya Mama Salome, mtaa wa Manundu, Korogwe. Habari za nyumbani kwetu, na za nani aliyenitoa Sindeni, wilaya ya Handeni, akanipeleka Korogwe, siziweki hapa. Watu wale hawakunikosea lolote. Bendi ilikuwa imepanga vyumba viwili vya uani, kimoja cha kulala na kimoja cha mazoezi, na jiko langu lilibanwa katikati, kuta za mbao pande zote mbili, kwa hiyo mwaka mzima sikukosa neno lao wala harufu yao. Walisema wanapiga roki. Bendi nyingine za mkoa zilikuwa na matarumbeta na mashati ya kufanana; hawa walikuwa na magitaa matatu, ngoma, na spika moja iliyopasuka ambayo walikataa kuitengeneza, kwa sababu gitaa likipitia humo lilinguruma kama trekta la shamba la mkonge, na vijana wa mjini walikuwa wakipagawa. Ukutani walipigilia magunia ya katani kuzuia sauti. Magunia yale yalinyonya jasho la wanaume watano na moshi wa sigara zao, na mvua ikinyesha yalivirudisha vyote.

Aliyewaona jukwaani kwenye bugi, dansi la Jumapili mchana, angedhani wameshuka kutoka mbinguni. Mimi ndiye niliyeingia chumbani kwao asubuhi kukusanya vyombo. Nilikuta sigara zimezimwa ndani ya ugali, mifupa ya kuku ndani ya kiatu, bakuli la kunawia limetemewa povu la mswaki, mashuka yenye madoa ambayo sikutaka kujua yametoka wapi. Kibwana alikuwa na kidude cha plastiki cha kupigia gitaa, na kwa kidude hicho hicho alijichokonoa meno baada ya nyama, akakifuta kwenye paja, akakirudisha mfukoni. Niliwahi kumwona akimwazima mwenzake. Walikula bila kunawa, walivuta kamasi tonge likiwa mdomoni, na wakimaliza waliita, "Wewe Handeni, njoo utoe haya." Sikuwa na jina. Kila aliyetoka wilaya yangu alikuwa Handeni, na Handeni kwao maana yake ilikuwa mganga. Nikichelewa kurudi sokoni walisema nimepitia makaburini kuchukua viungo. Niliyachukua kama utani, jinsi wengi wetu tunavyoyachukua mpaka leo tukiwa ugenini.

Rajabu peke yake ndiye aliyeniita dada Mwantumu. Alikuwa Msambaa wa Bungu, kule milimani, mrefu, mwenye haya, na sahani yake aliileta jikoni mwenyewe na kusema ahsante. Alipenda mlenda wangu. Mimi nilifundishwa kuupika kwa maji ya majivu: unachoma maganda ya maharage, majivu yake unayatia kwenye kifuu kilichotobolewa, unamimina maji juu, na yale yanayodondoka chini ndiyo yanayolainisha mboga na kuipa ladha. Rajabu alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, gitaa lake lisilo na umeme mapajani, akitazama matone yanavyodondoka na vidole vyake vikiyafuata. Mengi kati ya yale anayosifiwa nayo kwenye santuri hii niliyasikia kwanza pale, moshi ukitutoa machozi. Nilimwekea ukoko wa wali, na nilihakikisha wengine hawauoni. Sina haja ya kuzunguka: nilimpenda, na angesema neno moja ningepanda naye mlima nikiwa na jembe begani. Siku moja Kibwana alipita, akachungulia kile kifuu, akaziba pua. "Majivu tena? Handeni, unamlisha nini mwenzetu?" Tulicheka wote watatu.

Balaa lilikuja siku ya pili ya Idi. Walikwenda kupiga muziki mchana kwenye kambi moja ya wakata mkonge, na huko palikuwa pamechinjwa nguruwe. Siku hizi watu wanaiita kitimoto na wanaiagiza kwa sauti kubwa. Wakati ule Mwislamu aliyekula alikula akiangalia nyuma. Rajabu alikuwa amehitimu chuo cha Kurani, na baba yake mdogo ndiye aliyekuwa mwalimu wa chuo hicho. Lakini wenzake walimpa nyama ya kuchoma kwenye jani la mgomba, na gongo juu yake, naye ama alijua ama hakutaka kujua. Alasiri walimrudisha wamembeba mikono na miguu. Alitapikia mlangoni mwa jiko langu mpaka akatoa nyongo, na mimi ndiye niliyezoa. Msomaji anisamehe, lakini nilizoa kwa mikono yangu, na nilichokizoa hakikupikwa kwangu.

Sikuwa nimemaliza kudeki walipoingia wageni kutoka Bungu, mama yake Rajabu na yule baba yake mdogo, wameteremka kumletea mtoto wao sikukuu. Mama alibeba mkungu wa ndizi kichwani. "Onga mshi," akanisalimia kwa Kisambaa chake, nikampokea mzigo, nikawapa maji barazani. Niliporudi jikoni nilisikia mashauri nyuma ya mbao.

"Mwalimu akijua ni nguruwe, leo hii anapanda naye mlimani," Kibwana alikuwa anasema. "Na sisi bila Rajabu ni nani?"

"Tuseme malaria," mpiga ngoma akasema.

"Malaria hainuki gongo. Tuseme mpishi. Amemtilia dawa ya mapenzi kwenye chakula, tumbo limeikataa. Mtu wa Handeni, nani atabisha?" Akapaza sauti kidogo. "Rajabu, unasikia? Ni mpishi. Sawa?"

Niliweka sikio kwenye ubao. Najua nilichokuwa nangoja. Nikamsikia Rajabu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniambia ahsante, akisema, "Sawa."

Mwalimu aliingia jikoni mwenyewe. Hakuuliza. Aliona kifuu kimening'inia, majivu ndani, maji meusi yanadondoka kwenye bakuli, akasema maneno ya kujikinga na shetani. Nilimwambia ni nguruwe. Nilimwambia nimezoa mwenyewe, aende akanuse kitambaa cha kudekia. Akaniambia nimwogope Mungu, nisiongeze uzushi juu ya uchawi. Nyuma yake mama alikuwa ameuinua tena ule mkungu wa ndizi, na kabla ya kuuweka kichwani aliufuta kwa upindo wa kanga pale nilipokuwa nimeushika. Katika yote ya siku ile, hilo la kufuta ndilo linalonirudia nikiwa peke yangu.

Huenda yangeishia uani kwa Mama Salome kama Kibwana angetosheka na kuokoka kwa uongo wake. Hakutosheka, akautilia gitaa. Kabla ya Idi ya kuchinja nilikuwa nikiwasikia kwa pande zote mbili za jiko wakiufanyia mazoezi: "Mpishi wa Handeni, umenipikia nini, mwili upo Korogwe, roho ipo jikoni." Waliukatisha nikiingia na vyombo, wakanywea, kisha mmoja akapasuka kwa kicheko. Wakaurekodi redioni, na redio ikaupiga. Watoto waliniimbia nikienda kuteka maji. Makondakta waliniimbia stendi. Wateja wa Mama Salome walianza kuagiza mayai ya kuchemsha tu, kwa kuwa yai halitiwi kitu, mpaka naye akaniita chumbani kwake, akaniambia, "Mwanangu, mimi sisemi wewe ni mchawi. Lakini wateja wana macho." Posa yangu iliyokuwa imetoka Kabuku ilikuja kuvunjwa na mjumbe wao aliyekataa hata kukaa. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini mimi nilichaguliwa langu, likapangiwa sauti nne.

Na lililonitia kinyaa kuliko hayo yote lilikuwa mlango wa nyuma. Wanawake wale wale waliowavuta watoto wao pembeni nikipita sokoni walianza kuja uani mchana wa jua kali, wamejitanda kanga mpaka puani, wakininong'oneza, "Bibie, na mimi nipatie kidogo." Walileta nguo za ndani za waume zao. Mmoja, mke wa mtu anayeheshimika sana pale mjini, alikuja na kucha za mumewe alizozikata akiwa amelala, zimefungwa kwenye karatasi ya peremende, akazimwaga kwenye ubao wangu wa kukatia mboga. Nilipomwambia sina dawa, sijawahi kuwa na dawa, alinisonya, akaniambia nina roho mbaya, namnyima yeye nikampa Msambaa. Kesho yake nilimsikia dukani akiuimba. Niliuchoma ule ubao, nikafunga mzigo wangu nikarudi Sindeni, na baadaye nikaolewa na mtu asiyekuwa na redio.

Nilikuwa nimeshasonga ugali niliposikia wimbo unaanza mkekani. Kibwana alikuwa ameuweka kwenye simu yake, sauti juu. Wameusafisha kweli, hata ile spika iliyopasuka inasikika vizuri kuliko tulivyoisikia wakati ule. Ikaja sauti ya Kibwana kijana, nyororo, yenye huzuni ya mtu aliyeonewa, na kama nisingekuwepo siku ile ningemhurumia. Kisha likaingia gitaa la Rajabu. Matone. Yale yale ya kifuu, moja moja, halafu mawili mawili, halafu yanamwagika yote kwa pamoja mpaka moyo unataka kutoka. Ni wimbo mzuri. Nimeupinga miaka yote hii na sijaweza kuusema kuwa ni mbaya, na hilo nalo ni uchafu walionitupia. Nilitazama chini nikaona mguu wangu unakwenda nao. Nikaukanyaga kwa mguu wa pili, nikapakua mlenda.

"Unasikia solo hiyo?" Kibwana aliuliza nilipoweka sinia. "Maskini Rajabu. Unajua alikufa kwa tumbo? Hospitali hawakuona kitu. Aliniambia mwenyewe, Kibwana, kile kitu hakikuwahi kunitoka."

"Kitu gani?"

"Si ile..." Akazungusha mkono hewani. "Basi, tuyaache, ni ya zamani."

"Kitu gani, Kibwana? Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyesema tuseme mpishi. Nilikuwa nyuma ya ubao."

Hakushtuka. Alinitazama kwa upole, namna watu wanavyomtazama mgonjwa anayekataa jina la ugonjwa wake. "Dada yangu," akasema, "sisi tulikuwa vijana, tulisema mengi. Lakini Rajabu aliumwa kweli. Na hakuoa mpaka uzee. Mtu lazima ajiulize." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna mtu wa kubishana naye. Nilimchukia mwongo miaka yote hiyo, nikijua kwamba angalau kuna mtu mmoja duniani anayeujua ukweli pamoja nami, na mtu huyo ni yeye. Kumbe ameuimba uongo wake mpaka ameuamini, na ukweli wote nimeachiwa mimi peke yangu, pamoja na kuzoa.

Nikamnawisha mikono. Nikaweka katikati ugali wa moto na bakuli la mlenda, unavutika, unameta. Nikamwambia, "Nitakuja Korogwe. Nitavaa kanga, nitashika chungu, nitasimama watakaponiweka, nitasema hayo maneno mawili matatu. Sharti langu ni moja tu. Kula ushibe."

Alifurahi, akamega tonge. Alilifinyanga, akalifinyanga tena, akalibonyeza katikati kwa dole gumba, akalichovya. Kisha mkono ukasimama. Alinusa. Macho yake yalitoka kwenye tonge yakaenda jikoni kwangu, kwenye kifuu kilichoning'inia palepale kinaponing'inia siku zote, yakarudi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nje hapakuwa na joto hata kidogo.

"Nina vidonda vya tumbo, dada," akasema. "Daktari amenikataza."

"Mlenda haudhuru vidonda."

"Amenikataza kabisa."

Akalirudisha lile tonge sinia. Lilikuwa limeshaloa jasho la kiganja chake, lina alama za vidole vyake, akaliweka pembeni ya ugali wangu kama mtu anayetua mzigo. Nililichukua kwa ncha mbili za vidole nikalirusha mlangoni, na kuku wakaligombania. Nikanawa upya. Kisha nikasogeza sinia upande wangu, nikala, polepole, tonge baada ya tonge, mpaka nikafuta bakuli na kulamba vidole. Ulikuwa umekolea. Nilipoinua kichwa kumwambia achukue santuri yake aende, Kibwana hakuwa akinisikiliza. Alikuwa amegeukia mlangoni, amekaza shingo, anawatazama wale kuku.